Mbwa Aliyelilia Dagaa

Juzi ofisini mwenzangu alinifuata mezani na simu yake, hana mbavu kwa kicheko. Ilikuwa video ya mbwa. Masikio yameanguka mpaka shavuni, ncha ya mkia nyeupe, amekaa kitako mbele ya jiko la watu, kidevu juu, analia kwa kuvuta. Mwenzangu akaniuliza mbona sicheki. Nikamwambia nina kazi. Kazi sikuwa nayo.

Mbwa wa namna ile nimewahi kuwa naye, ndugu yangu. Ilikuwa kwetu, nje kidogo ya Kasulu, mwaka ule kambi ya wakimbizi ilipofungwa, wazungu wa mashirika wakaanza kugawa vyombo vyao. Baba alikuwa dereva wa mmoja wao. Madereva wenzake walipewa magodoro, mmoja akapewa friji. Baba alirudi na mbwa. Mzungu alisema ni wa aina ya bigo, nasi tukamwita Bigo, na mama hakusema na baba mpaka Jumapili.

Kuwa na bigo ni kufuga tumbo lenye miguu minne. Alikula ugali wa muhogo, maganda ya ndizi, kipande cha sabuni, na siku moja kitambaa cha kuepulia sufuria, kwa kuwa kilinukia maharage. Ulinzi hakuujua. Mgeni akiingia, alimlaki kwa mkia na kumnusa mifuko. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akikaa nasi, alimtazama siku chache kisha akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila huyu jembe lenyewe angelila. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kumlisha ilikuwa kazi yangu. Nagonga kijiko kwenye sahani ya bati, naye hata awe bondeni kwenye mibuni anapanda mbio, masikio yanampiga machoni. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Tatizo lilikuwa sauti. Mbwa wa kwetu wanabweka, basi. Bigo akinusa chakula alikaa kitako na kulia kama mama aliyepokea habari mbaya. Na kwetu kila mtu anajua kuwa mbwa akilia hivyo anaita msiba. Baba aliwaeleza majirani kwamba ndivyo walivyoumbwa, ni mbwa wa kuwinda sungura, wanalia wakisikia harufu. Walimwitikia vizuri, wakaenda zao wakisema dereva wa mzungu naye amekuwa mzungu.

Shuleni wakaanza wasichana. Mimi ni mtoto wa mbwa mchawi, kwa hiyo wakaniondoa kwenye kamba. Sijui kama unakumbuka kuruka kamba ni kitu gani ukiwa na miaka kumi. Kwangu ilikuwa dunia nzima. Nilisimama ukutani kila mapumziko, nikirudi nyumbani nampiga Bigo teke, naye analamba mguu uleule.

Aliyempenda hasa ni jirani yetu, mjane mmoja. Asubuhi alitusalimia "Mwakeye" juu ya ua wa miti, kisha akamtupia Bigo vichwa vya dagaa. Alikuwa akiwanunua kwa gunia kutoka Kigoma, anawaanika uani juu ya turubai, anawauza sokoni. Masika yale akaugua. Dagaa wakarundikwa chini ya dirisha lake, harufu ikatuama upande wetu, na mtupa vichwa hakuonekana. Bigo akakaa akiutazama ua ule, akalia siku tatu. Siku ya nne jirani akafa.

Nilijua ni dagaa. Ujue hilo kabla hujanionea huruma.

Msibani wanawake waliwapika dagaa walewale kwa mawese. Watu wakala, wakalamba vidole, na huku wanatafuna wakakubaliana mbwa afe. Ukitaka kumuua mbwa mpe jina baya, na Bigo jina alikuwa nalo tayari. Baba alikuwa safarini. Vijana wakamfukuza kwa mawe, naye akajificha kwenye mibuni, asije kwa mtu yeyote.

Bibi akaniita jikoni. Sahani yangu ya bati ilikuwa tayari: ugali, dagaa juu, na sumu waliyozoea kuwategea fisi.

"Anakusikia wewe tu," akasema. "Ukikataa sikupigi. Lakini kila msiba wa hapa utaitwa wako mpaka unaolewa."

"Bibi, alikuwa analilia dagaa."

"Najua. Na mimi nina pua. Sasa nani atakwenda kuwaambia watu?"

Ningeweza kwenda mimi. Nilitoka nikagonga kijiko.

Alikuja mbio kama siku zote, masikio yanampiga machoni. Alipowaona dagaa akakaa kitako, akalia ile sauti yake, kwa furaha, mbele ya watu waliokuja kutazama. Mwanamke mmoja akajifunika kanga usoni. Bigo akala yote. Akailamba sahani mpaka ikawa inasogea kwenye vumbi, nami nikaukanyaga ukingo ili isimkimbie, kama nilivyozoea. Kisha akanitazama aone kama kuna nyingine.

Ilichukua muda mrefu. Nilijaribu kuondoka, lakini alijikokota kunifuata, kwa hiyo nikabaki.

Jumatatu wasichana wakanipa kamba, na wakaniweka wa kwanza. Niliruka mpaka kengele ikalia. Nilifurahi, ndugu yangu. Sikuwa naigiza.

Baba akarudi safarini. Alichukua mkanda wa shingoni wa Bigo, akafungia mlango wa banda la kuku. Mwaka uliofuata bibi akafa mchana kweupe, na hakuna mbwa aliyelia mtaa mzima. Nilikaa matanga yote nikisubiri mtu alitaje hilo. Siku hizi nyumba ya jirani ni duka, ua wa miti umekuwa ukuta wa matofali, mibuni imekatwa. Nikienda likizo natembea pale nikinusa, na sipati harufu ya dagaa hata kidogo.

Mwenzangu alinitumia ile video, nicheke nikimaliza kazi. Nimeitazama mara nyingi. Mbwa analia, watu wanacheka, kisha mkono unatokea pembeni umeshika sahani, naye anainuka akitikisa mkia. Huwa naizima kabla sahani haijafika chini.