Plaiwudi Chini ya Zulia

Kama umewahi kusikia habari ya mwanamume aliyewatoa watu mashambani mchana kweupe waje wamsaidie kutafuta maiti ya mama mkwe wake korongoni, basi usiulize sana, mwanamume mwenyewe ni mimi. Nimeshasimuliwa kisa hiki na watu wasionijua, mara moja gulioni na mara nyingine kwenye foleni ya mbolea, na mara zote mbili nilicheka pamoja nao halafu nikaondoka mapema. Leo nakisema mwenyewe kilivyokuwa, maana huko nje wameshaanza kutia chumvi (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu).

Gari nililinunua Kigonsera. Lilikuwa gari la fowili la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lile la viti viwili mbele na mabenchi mawili nyuma yanayotazamana, na lilikuwa limekaa nyuma ya mashine ya kusaga miaka mingi kiasi kwamba kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva na mwenye gari akaniomba nisubiri vifaranga watoke kwanza. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu waliolitengeneza hawana kosa lolote, kosa ni la mvua, la miaka, na langu. Nikalivuta mpaka nyumbani Mbinga, nikalilaza uani karibu na chanja za kuanikia kahawa, na kila Jumamosi fundi Hyera alikuja na begi lake la spana tukawa tunashinda chini ya lile gari mpaka mke wangu Sabina akawa anatuletea ugali huko huko chini. Injini ilikubali. Breki tulizifanya mpya kabisa (hilo naomba lieleweke, breki zilikuwa nzima siku ile, mtu asinisingizie). Kutu ya milangoni tuliipiga msasa, tukaziba kwa bodifila, tukapaka rangi ya kijani, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kujitazama kwenye rangi yake.

Tatizo likabaki sakafu ya nyuma. Fundi Hyera aliichoma kwa bisibisi ikaingia yote mpaka kwenye mpini kama anapima kiazi kama kimeiva. Akaniambia, "Baba Leonsi, hapa tukate chuma chote hiki, tuchomelee bati jipya. Nipe wiki moja." Nami wiki moja sikuwa nayo, kwa sababu Jumapili ile mwanangu Leonsi alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na nilishatuma salamu kwa wakwe zangu Kihagara kwamba safari hii bibi yake hatapanda kosta na kubanana na magunia, nitamfuata mwenyewe kwa gari langu. Sabina alinisihi. "Mama aje na kosta tu, gari utamwonyesha siku nyingine." Nikamjibu kwamba yeye hajui mambo ya magari. Fundi alipoondoka nikachukua plaiwudi ya kabati lililovunjika, nikaikata kwa msumeno, nikaipigilia juu ya ile sakafu kwa misumari ya bati, nikatandika zulia jekundu la sebuleni juu yake. Ikapendeza mno, na hapo ndipo nilipoharibu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, wengine mnaweza kuwa mmelelewa kwingine. Katika ukoo wetu, na kwa wakwe zangu vilevile, mama mkwe hatazamwi usoni. Humsemeshi moja kwa moja, humpi kitu mkononi, na mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Ukiwa na neno lake unampa mtu wa katikati anamfikishia, hata kama mama mwenyewe amesimama hapo hapo na amesikia yote. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemwoa Sabina na sijawahi kusikia mama yake, Mama Agnes (Agnes ndilo jina lake mwenyewe), akinitamkia neno. Namheshimu, na nisiseme uongo, namwogopa pia. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi kabla sijaondoka nilikigeuza kioo cha ndani kikatazama juu, nisije nikamwona mkwe wangu kwa bahati mbaya nikiwa naendesha.

Kihagara walinipokea vizuri. Mama Agnes alipanda nyuma kwa mlango wa nyuma, akatandika kitenge chake kwenye benchi akakikalia, kikapu upande huu, na upande ule ndoo ya samaki, mbasa wakubwa waliovuliwa alfajiri ile kwa ajili ya sherehe. Mtu wetu wa katikati alikuwa shangazi Eufrasia, dada wa marehemu baba mkwe, naye akakaa mbele na mimi. Tukaanza safari, vumbi la kandokando ya ziwa likiingia kila mahali, na hatukufika mbali Mama Agnes akasema kwa sauti ya upole, "Wifi, hebu mwambie mkwe, huku chini ya miguu yangu naona barabara."

Shangazi akanigeukia. "Baba Leonsi, mama anasema chini ya miguu anaona barabara."

Nilisikia. Nilisikia mara zote mbili, na nilijua maana yake, msumari umeng'oka na plaiwudi imeanza kuhama. Mtu mwenye akili angesimamisha gari. Mimi nikasema, "Shangazi, mwambie mama asiwe na wasiwasi, hicho ni kitundu cha kupitishia hewa." Shangazi akafikisha. Mama Agnes akajibu, "Haya." Hakusema tena neno, na ile "haya" nilikuja kuikumbuka baadaye kwa namna ambayo siwaombei.

Tukashika lami tukaanza kupanda milima. Shangazi alikuwa amemeza kidonge cha kichefuchefu, akajifunika khanga usoni akalala. Kwenye kona za juu mshale wa joto ukapanda, nikasimama karibu na kijito, nikachukua dumu nikashuka bondeni kuchota maji. Nilikaa huko kitambo maana mteremko ulikuwa mkali. Niliporudi nilijaza rejeta, nikafunga boneti, nikapanda, nikaondoka. Sikutazama nyuma. Ningetazamaje? Nyuma kuna mama mkwe.

Tulikuwa tumeshapita kona nyingi niliposikia kishindo. Kwanza mlio wa mbao kupasuka, halafu kitu kizito kikaburuzwa chini ya gari, halafu kama nguo inachanika, kisha kimya. Nilikanyaga breki (nzima, nilishasema). Shangazi akaamka. Nikasema, "Shangazi, mwulize mama kama yuko salama." Shangazi akauliza bila kugeuka. Hakuna jibu. Akauliza tena. Hakuna jibu. Kisha akageuka, na nikamwona anafanya ishara ya msalaba.

Nikaenda kufungua mlango wa nyuma. Benchi lilikuwa tupu. Katikati ya zulia langu jekundu palikuwa na tundu ambalo mtu mzima anapita bila kubanwa, na chini yake lami. Kikapu kilikuwepo. Kitenge hakikuwepo. Nikalala chini nikachungulia, na kile kitenge nikakiona kimejiviringisha kwenye propela shafti, ule mhimili unaozunguka chini ya gari, kimekazwa kama kamba, na chote kilikuwa kimelowa damu.

Sijui niwaelezeje hofu ile. Nilikaa pale barabarani, na kichwani nilikuwa nasikia tu "mwambie mkwe naona barabara, mwambie mkwe naona barabara." Aliniambia. Mama alinitafutia njia ya kuniambia bila kunivunjia heshima, nami nikamdanganya kwa sababu ya aibu ya mbao ya kabati. Nikaingia uvunguni nikawa nakivuta kile kitenge kwa mikono, nikiogopa kukivuta na nikiogopa kukiacha, nikitafuta kitu ambacho niliomba Mungu nisikipate. Hapo simu ikalia. Ilikuwa ya mama, ndani ya kikapu, juu ya kichwa changu, na nilijua kabla sijaiona kwamba ni Sabina anauliza mmefika wapi. Ikalia mpaka ikakatika. Halafu ikaanza kulia ya kwangu mfukoni. Sikupokea. Ningemwambia nini, kwamba bibi wa mtoto wetu nimemmwaga njiani?

Shangazi akapiga yowe. Watu wakatoka kwenye mashamba ya kahawa, wanaume na majembe, wanawake na watoto mgongoni, na wengine wakashuka kwenye lori la mbao lililokuwa linapita. Nikawaambia, na sauti haikuwa yangu, "Nimemkanyaga mama mkwe wangu. Yuko huko chini, nisaidieni." Tukaliacha gari pale juu tukarudi kwa miguu kona baada ya kona, wengine wakitazama lami, wengine wakishuka kwenye korongo. Mimi nilishuka kwanza kuliko wote, nikishikilia majani kwa mikono yenye damu, nikiita, "Mama! Mama Agnes!" Fikirini, miaka kumi na moja sijawahi kumwita, na siku ya kumwita namwita korongoni. Mzee mmoja akanishika bega akasema polepole, "Kijana, ukimwona usimguse. Tuachie sisi." Aliposema hivyo nikaelewa kwamba na yeye anatafuta maiti, na nikaanza kulia mbele za watu kwa sauti, mwanamume mwenye ndevu.

Huku juu barabarani, kama nilivyokuja kusimuliwa, wanawake walikuwa wamemkalisha shangazi chini na wameshaanza kuomboleza naye. Ndipo ikaja bodaboda kutoka chini, na abiria wake mwanamama mmoja akaomba ashushwe apate kutoa pole. Akamuuliza mwanamke wa pembeni, "Kuna msiba wa nani?" Akajibiwa, "Kuna mwanamume kamkanyaga mkwe wake kwa gari, tunatafuta mwili." Yule mama akaweka mikono kichwani akasema, "Maskini, na mwenyewe nilikuwa namtafuta mkwe wangu, ameniacha njiani." Kisha akaisikia sauti ya wifi yake inalia "Agnes wee, Agnes," akapenya katikati ya watu, akasimama mbele yake. Kilio kikakatika ghafla. Kimya kile ndicho kilichonifanya nipande kutoka korongoni, nikijua wamempata.

Nilimwona amesimama. Mzima, khanga yake kiunoni, vumbi miguuni, ananitazama. Alikuwa ameshuka pale kwenye kijito kwenda porini kujisaidia, shangazi amelala, na jambo kama hilo mama mkwe angemwambiaje mkwe wake? Aliporudi akakuta pana alama za matairi tu. Na damu ile ilikuwa ya wale mbasa, ndoo yao ndiyo iliyodumbukia kwenye tundu na kuchukua kitenge. Lakini hayo niliyajua baadaye. Kwa wakati ule sikuwaza mila, sikuwaza ukoo, sikuwaza macho ya watu wa vijiji viwili. Nilikimbia nikamkumbatia mama mkwe wangu. Nilimkumbatia kwa mikono yote miwili, na damu ya samaki, na machozi, na kamasi, na nikawa sitaki kumwachia.

Mtu akasema "Yesu na Maria." Akina mama wakajifunika nyuso. Mzee yule wa korongoni akageuka akatazama mlimani. Ndipo nikahisi mwili wa mama umekakamaa mikononi mwangu, nikaelewa nimefanya nini, na ile hofu ya kwanza ikaondoka ikaja ya pili. Nikamwachia nikapiga magoti pale pale kwenye lami, macho chini, nikisubiri apeleke neno kwa shangazi, neno la kunikana.

Hakumtafuta shangazi. Alisema yeye mwenyewe, na ndiyo mara ya kwanza sauti yake kuja kwangu bila kupitia kwa mtu.

"Mkwe, mimi nilikwenda porini. Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nikacheka na kulia pamoja, sijui nilianza na kipi. Yeye hakucheka. Alisema sakafu imeoza, aliiona tangu ziwani, na kwamba atapanda tena lakini mbele, na shangazi ndiye atakayekaa nyuma kwenye benchi akinyanyua miguu. Hivyo ndivyo tulivyoingia Mbinga, gari linanuka samaki, mama mkwe amekaa ubavuni pangu anatazama barabara, na mimi nimeukamata usukani kwa mikono miwili kama siku niliyojifunza kuendesha.

Wazee wa kwetu waliniita. Nilipeleka mbuzi wa kuondoa aibu Kihagara, nikapiga magoti tena, na Sabina hakunisemesha mpaka Jumatano (alinipa chakula, lakini kimya kimya). Sakafu fundi Hyera aliikata yote akachomelea bati, nami nilisimama pale nikihesabu kila cheche.

Kutu nimeapa sitaifunika tena, na asiponiamini mtu aje apige nyundo popote anapotaka. Lakini kiapo changu kikubwa ni kingine, na wazee hawakipendi mpaka leo. Kila nikimbeba mama, nikisimama mahali hata kama ni kununua ndizi, kabla sijaondoa gari nageuka nyuma, namtazama, na namuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe, "Mama, upo?"

Naye hunijibu, "Nipo, mwanangu, twende."