Alichokuwa Analilia Bi Mwanaidi

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, Mtaa wa Mchikichi pale Kariakoo, nimesimama juani na mti mrefu mikononi, na kwenye ncha ya mti ule kuna kipaza sauti kilichovishwa manyoya. Wachuuzi wa mtaa ule walikuwa wameshanizoea. Waliniita dada wa ufagio, na mmoja aliniuliza kama nafuta utando wa buibui mawinguni. Nilikuwa msichana bado, na kazi yangu ilikuwa kurekodi sauti kwenye filamu ya kwanza tuliyoitengeneza wenyewe, bila kutumwa na mtu.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikaa hapa kwangu mpaka chai yako ikapoa, ukaniambia wewe na wenzako hamsalimiani tena na filamu yenu imekwama.  Mtu mwenye hasira hupewa chai kwanza, nasaha hungoja. Leo nisikilize.

Tulikuwa watatu. Faraja ndiye aliyekuwa mwongozaji. Alikuwa mtoto wa Kichaga, wazazi wake wana duka la vitambaa hapo hapo Kariakoo, na chumba cha juu ya duka ndicho kilichokuwa ofisi yetu, katikati ya majora. Mwepesi wa akili, na mwepesi zaidi wa ulimi. Mpiga picha alikuwa Hamisi, kijana wa Buguruni ambaye wazee wake walitoka Lindi, mpole, mtu wa kutosema mpaka aulizwe mara ya pili. Wa tatu mimi. Figa moja haliinjiki chungu, na sisi tulijiona mafiga kamili, hakuna wa kututikisa.

Filamu yetu ilihusu nyumba. Wakati ule Kariakoo ilikuwa inageuka, nyumba za Kiswahili zinavunjwa moja moja na maghorofa yanapanda. Katika mtaa ule ilibaki moja yenye baraza na mlango wa mbao, nayo ilikuwa ya Mzee Omari na mkewe, Bi Mwanaidi. Watoto wao walikuwa wameshakubaliana na mjenzi, na wazee wangehamia kwa mtoto wao wa kwanza, Magomeni. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu mmoja aliuburuta, na ulimi ulikuwa umemwia mzito kiasi kwamba miezi na miezi alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Bi Mwanaidi ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili. Alitupokea kama watoto wake. Tukifika asubuhi tulikuta vitumbua vimefunikwa kawa, na hatukuruhusiwa kufungua mashine zetu kabla ya kufungua kinywa.

Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku ya kuhama. Vyombo vimeshapakiwa kwenye pikapu, majirani wamesimama, honi za barabarani hazinyamazi. Wazee wakatoka wakiwa wameshikana mikono. Walipofika kizingitini Mzee Omari alisimama, akainamisha kichwa kwa mkewe, midomo ikatikisika. Mimi na hedifoni zangu nilisikia mguno tu, nikadhani ni mguu unamuuma. Bi Mwanaidi akavuka mlango, akakaa barazani, akalia. Alilia kwa sauti, mwanangu, upande wa kanga umeteleza kutoka kichwani mpaka begani na hana habari nao. Hamisi aliendelea kupiga picha. 

Basi hapo ndipo chungu kilipotaka kumwagika.

Tulipokaa juu ya duka kuikata na kuipanga filamu, Faraja alisema kipande kile ndicho moyo wa kazi yote. Alikuwa ameshaandika maneno ya msimulizi: mama huyu analilia nyumba yake, analilia Kariakoo inayokufa. Yalikuwa maneno mazuri, nami niliyapenda. Hamisi akasema kipande hakionyeshwi. Alisema mwanamke wa makamo ya bibi yake hawezi kuonyeshwa kichwa wazi, analia mbele ya watu asiowajua, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa na adabu angezima kamera. Faraja akamwambia mwenye haya asishike kamera.  Hamisi alichukua kanda akaitia mfukoni, akashuka ngazi, na tangu siku hiyo akawa haonekani. Nilimfuata Buguruni akanikaribisha vizuri, tukala, lakini nikitaja filamu alitazama pembeni. Nikirudi kwa Faraja, yeye naye aliniuliza kama nimemletea kanda au nimemletea salamu. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, hilo nililijua. Sikujua la kufanya vikishagongana.

Siku moja nikaenda Magomeni kumjulia hali Mzee Omari. Bi Mwanaidi aliniuliza wenzangu wako wapi. Nilisema wazima. Akaniuliza tena, akinitazama, na mimi ambaye sikuwa nimemwambia hata mama yangu nikajikuta namweleza yote, mpaka maneno ya Faraja na kanda ya Hamisi.  Aliendelea kupepeta mchele wake. Nilipoaga ndipo aliponiagiza nije nao wote wawili Jumapili mchana, na kanda, na chombo cha kuonyeshea.

Walikuja. Nani angekataa wito wa Bi Mwanaidi? Faraja alikaa upande huu wa mkeka, Hamisi upande ule, mimi katikati na sinia la wali wa nazi na kisamvu. Mzee Omari alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tulikula, vidole vyao vikikwepana kwenye sinia moja, na Bi Mwanaidi akatuacha tushibe. Tuliponawa mikono ndipo aliposema, bila kupandisha sauti:

“Nasikia mnagombania machozi yangu kama watu wanaogombania urithi. Na mimi sijafa, nipo hapa, mnakula wali wangu. Nani kati yenu amekuja kuniuliza nilikuwa nalia nini?”

 Faraja ndiye aliyejaribu kujibu. Alisema kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake kwamba tulidhani ni nyumba.

“Nyumba ni udongo na miti, mwanangu,” alisema Bi Mwanaidi. “Niliililia zamani, peke yangu, nikamaliza. Siku niliyoolewa, mzee huyu alinifikisha pale mlangoni akasema, Tangulia, bi harusi. Tangu augue sikuwa nimesikia neno kinywani mwake. Siku ile tunatoka, akasimama pale pale akaniambia, Tangulia, bi harusi. Ndicho nilichokuwa nalilia.”

Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa na masikio siku ile, na masikio yangu hayakusikia. Lakini mashine husikia hata kisichoeleweka. Tuliunganisha kamera na televisheni ya mtoto wake, tukatazama, na sauti ya mtaa ikafunika kila kitu. Nikachukua hedifoni zangu, nikarudisha kanda nyuma, nikapunguza makelele kadiri nilivyoweza, nikamvisha Bi Mwanaidi. Alifumba macho. Nilijua neno limefika kwa namna alivyoshika ukingo wa mkeka. Aliomba kurudishiwa, nikarudisha, tena na tena. Halafu alinyanyuka, akamwendea mumewe, akamwekea upande mmoja wa hedifoni sikioni na yeye akabaki na upande wa pili, vichwa vyao vimegusana. Mzee alisikiliza. Kisha akacheka, mwanangu, kicheko cha upande mmoja wa uso, kama kijana aliyefumaniwa anapenda.

Nilipogeuka, Hamisi alikuwa analia na Faraja amemshika bega.

Kisha Bi Mwanaidi akatoa hukumu yake. Kipande kionyeshwe, maana machozi yale hayakuwa ya aibu, lakini maneno ya msimulizi yaondolewe yote, na chini ya picha yaandikwe yale aliyosema mumewe, watu wasome. Kuhusu kanga iliyoteleza alimwambia Hamisi, kwa upole, ahsante kwa kumwonea haya, ila angeuliza angejua kwamba siku ile hata paa lingeanguka yeye asingejali. Na alitaka watoto wake waione kwanza kabla ya mtu baki.

Ikawa hivyo. Faraja alichana karatasi yake mwenyewe, na Hamisi ndiye aliyekaa naye juu ya duka mpaka filamu ikamalizika. Mzee Omari hakuiona. Alifariki kabla, kwa utulivu, Mungu amrehemu. Tuliionyesha uani kule Magomeni, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, na majirani wa zamani wa Kariakoo walikuja, kila aliyeweza.  Bi Mwanaidi alikaa mbele, na lilipofika neno lile la mlangoni niliona midomo yake inalitamka pamoja na mumewe. Baadaye nilimrekodia sauti ile kwenye kaseti, na mtoto wake aliniambia mama yake alikuwa akiisikiliza kila Ijumaa akirudi kumzuru mzee makaburini.

Usidhani baada ya hapo hatukugombana. Tuligombana sana, kwenye filamu ya pili ndiyo usiseme. Hamisi hatimaye aliacha kamera akaenda kufanya kazi bandarini, na Faraja bado ananipigia simu kunilalamikia watu. Lakini hakuna aliyewahi tena kushuka ngazi na kanda mfukoni.

Sasa nasaha yangu ni hii, nawe ichukue na ukawaambie wenzako. Ukipiga picha maisha ya mtu umeazima kitu chake, na cha kuazima hukigeuzi wala hukifichi bila kumwuliza mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Mnaweza wote kuwa na nia njema, wewe na wenzako, na wote mkawa mmekosea, kwa sababu ajuaye hamjamfikia. Basi msikae kuhukumiana ndani ya chumba. Inukeni, mwende pamoja kwa yule mnayemwonyesha, mkae mkekani kwake, mmsikilize mpaka amalize. Na mwenzako akikataa jambo, usikimbilie kumwita mwoga. Yawezekana analinda kitu ambacho wewe hujakiona. Naye akishikilia jambo, usimwite mtu asiye na haya. Mwulizane kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wenzi wa kugombana nao na kupatana nao. Ayatie nuru macho yako, na masikio yako ayafungue kwa lile neno dogo linalosemwa chini chini. Kazi ya mikono yenu iwafae walio hai na iwaheshimu waliotangulia. Amina.