Misindano Iliyogeuka Njano

Jiji zima la Guangzhou lilikuwa linatoka jasho. Wanaume wamekunja fulana zao mpaka kifuani, wanajipepea kwa karatasi za matangazo, na katikati yao alikuwa anapita Flavia Kihwele na koti zito la manyoya begani. Hakuwa na homa, wala hakuwa amerukwa na akili, ingawa mlinzi wa lango la chuo aliwahi kufikiria hivyo. Alikuwa anakwenda kumtembelea Odilia, na kwa Odilia kulikuwa na baridi.

Flavia alikuwa mwanamke wa kupendwa na kuogopwa kwa pamoja. Miaka arobaini na minane, mwili wa haki, sauti inayofika ng'ambo ya barabara bila kujitahidi, na subira hana hata ya kungoja chai ipoe. Sokoni wauzaji walimjua. Akitajiwa bei alicheka kwanza, kisha akasema, "Tai gui, laoban," ghali mno, bosi, kisha akageuka kuondoka, na hakufika hatua ya tano kabla ya kuitwa arudi. Alikuwa akinunua majinzi na majaketi ya kupeleka Iringa. Lakini kabla ya nguo, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa mama wa kitalu huko Mafinga. Alisia mbegu za misindano, akahamishia miche kwenye viriba, akapalilia, akamwagilia. Ukipita ile barabara kuu ya Mafinga ukaona misitu imejipanga mistari, mingi ilipitia viganjani mwake, na ukimpa nafasi angekuonyesha upi na upi.

Odilia alikutana naye sokoni, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Beijing. Binti wa Njombe, mwembamba, ana miwani, anabishania koti nene kuliko yote dukani, na ilikuwa mwezi wa sita. Flavia alimsikia akinung'unika kwa Kibena.

"Kamwene!" akamwita.

Binti aligeuka nusura adondoshe koti. Mwaka mzima hakuwa amesalimiwa hivyo.

"Koti la nini joto lote hili, mwanangu?"

"La kazini, mama. Natunza miti."

Flavia alicheka mpaka muuzaji naye akacheka bila kujua kwa nini. Kisha akaenda kuiona hiyo miti, na tangu siku hiyo hakuna safari ya Guangzhou aliyoimaliza bila kupeleka chuoni pakiti ya unga wa ugali na maneno mengi.

Odilia alikuwa na ufadhili wa shahada ya pili ya misitu, na chuo kilikuwa na chumba chenye mashine. Humo mwalimu wake, Profesa Liang, alikuwa ameotesha miti ya misitu ya Amerika Kaskazini kwa mbegu zilizosafiri toka huko. Mashine zilipunguza joto na kuongeza, zikafupisha mchana na kuurefusha, hata majira yote manne ya huko mbali yakapita ndani ya kuta nne, huku nje watu wanakula tikiti maji. Miti ilikuwa ya aina mbili. Popla zilikuwa na majani mapana yenye vikonyo vyembamba, yanayotetemeka hata ukipita karibu yake taratibu. Odilia alimweleza kwamba huko Amerika moto ukiunguza msitu, popla huchipua upya toka mizizini, kilima kizima, ndugu wa shina moja. Aina ya pili iliitwa lachi. Ilikuwa na sindano laini za kijani kibichi, zimekaa vishungi vishungi. Flavia alizipapasa kama anavyopapasa nywele za mjukuu.

"Hii ni nini?"

"Ni ndugu wa msindano, mama."

"Nimeshamwona," akasema Flavia. "Huyu namjua."

Odilia hakuongeza neno, na kila Flavia alipokuja alizikuta kijani; hapo ndipo palipoharibikia.

Mwaka wa Olimpiki mambo yalibana. Zamani mfanyabiashara ambaye visa yake imekaribia kwisha alivuka Hong Kong, akanywa chai, akarudi na visa mpya. Njia hiyo ikazibwa. Polisi wakaanza kusimama kwenye vituo vya mabasi na milango ya masoko wakidai pasipoti. Flavia alikuwa anangoja mzigo wake upakiwe kwenye kontena bandarini Huangpu, mzigo ukachelewa, na kontena lilipoondoka visa yake ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Akawa anaishi kwa kuchungulia kona.

Mwezi wa kumi na moja Odilia akaitwa ubalozini Beijing kwa ajili ya pasipoti yake. Ni treni ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na kungoja katikati. Profesa Liang alikuwa safarini kaskazini. Odilia akamwachia Flavia ufunguo.

"Maji kidogo tu, mama. Mashine zinajiendesha zenyewe."

"Mtoto, nimemwagilia miche kabla hujazaliwa."

Siku ya pili, ncha za lachi zilikuwa zimefifia. Siku ya tatu zikawa njano. Siku ya nne Flavia aligusa mche mmoja na sindano zikamwagika mkononi. Popla nazo zilikuwa njano, lakini hizo hazikumtisha. Mti wa majani mapana kupukutika ni jambo la kawaida. Msindano ukigeuka njano, huo ni wa kuzikwa. Kitaluni Mafinga sheria ilikuwa moja, na yeye mwenyewe aliwafundisha wasichana waliokuja baada yake: mche ukigeuka njano, ng'oa leo, usingoje kesho, maana kesho umeambukiza jirani zake. Alipiga simu ya Odilia mara kumi, haikupatikana. Akakaa usiku huo na wasiwasi, na asubuhi akavaa koti, akakunja mikono, akang'oa lachi zote. Zilikuwa mia moja na themanini. Alizing'oa kwa uchungu, na kwa ustadi, asikate hata mzizi mmoja, maana mikono ikishazoea haijui kufanya vibaya.

Akazitia kwenye gunia akalibeba kwenda kulitupa nje. Kufika karibu na lango, akaona meza imewekwa, na polisi wawili wamekaa na mlinzi, wanawauliza wageni, "Huzhao, huzhao," pasipoti, pasipoti. Flavia aligeuka kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Alirudi na gunia lake, akalisukumia kwenye kona ya chumba yenye baridi kuliko zote, akajifungia humo na koti lake mpaka alasiri. Kesho yake meza ilikuwepo bado, na kesho kutwa. Gunia likabaki.

Odilia aliporudi, Flavia alimpokea mlangoni akiwa na sura ya muuguzi mwenye habari mchanganyiko.

"Pole mwanangu. Ndugu wa msindano wameugua, nimekuondolea. Hawa wengine nimewaokoa."

Odilia aliangalia vyungu vitupu. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, na hilo lilimwumiza Flavia kuliko kama angetukanwa.

"Mama, hazikuwa zinaumwa. Zilikuwa zinalala."

"Msindano ulale? Odilia, usinifundishe msindano."

"Lachi si msindano."

Kisha akamwambia, machozi yanamtoka, kama mtu anayesimulia tabia za marehemu. Kwamba huko Amerika Kaskazini, mwezi wa kumi, mabonde yenye majimaji hujaa lachi zinazong'aa kama dhahabu, wakati ndugu zake wote wamebaki kijani. Kwamba lachi peke yake katika ukoo huo hudondosha kila kitu, akasimama mtupu kwenye theluji miezi mitano, mgeni akipita anadhani msitu umekufa. Kisha katika majira ya kuchipua anavaa upya, laini kuliko zamani. Kila mwaka. Utafiti wake wote ulikuwa juu ya usingizi huo.

Flavia alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda kwenye ile kona, akalivuta gunia akamwonyesha.

Profesa Liang alikuja kesho yake, mtu mfupi anayevaa kandambili hata kwenye chumba cha baridi. Alifungua gunia, akachukua mche mmoja, akakwangua gome kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani. Akakwangua wa pili, na wa tatu, kisha akaongea, na Odilia akatafsiri.

"Anasema huko Amerika hung'olewa hivihivi zikiwa zimelala, zikawekwa kwenye ubaridi, zikasafirishwa, zikapandwa. Kama mizizi haikukauka, huenda zikaamka. Anauliza ni nani aliyekuwa na akili ya kuziweka kwenye baridi?"

"Mwambie ni polisi," akasema Flavia.

Profesa hakucheka, maana hakuelewa. Alisema mambo yalivyo. Mwezi wa tatu chumba kitapashwa joto. Zikichipua walau mia moja, Odilia ataendelea. Zisipofika, hakuna utafiti. Ufadhili unakwisha mwezi wa saba, na kuotesha nyingine hadi zifikie umri ule ni miaka mitatu. Odilia angerudi Njombe mikono mitupu.

Zilipandwa siku hiyo hiyo. Flavia hakumruhusu mtu mwingine aguse mizizi.

Miezi iliyofuata wafanyabiashara wengi walijisalimisha, wakapanda ndege kwenda nyumbani. Kila mtu alijua kwamba ukizidi kukaa, hukumu inazidi kuwa kubwa. Mume wa Flavia alipiga simu kutoka Mafinga akamwuliza kama ameolewa huko. Odilia mwenyewe alimsihi. "Mama, nenda sasa. Nitakupigia zikichipua."

"Meiyou," alijibu Flavia, hakuna, kwa sauti ileile ya sokoni.

Na hapo ndipo mtu aliyeshindwa kungoja chai alipojifunza kungoja. Kila siku alipita lango la nyuma, la wauza mboga, akavaa koti, akakaa kwenye kibao mbele ya vijiti mia moja na themanini visivyofanya lolote. Alivisemesha kwa Kihehe. Alivipa habari za Mafinga, nani kaolewa, nani kauza shamba. Mara nyingine aliviomba radhi. Odilia alimkuta siku moja anakikemea kimoja kwa uvivu, akafunga mlango taratibu asimfedheheshe.

Mwezi wa tatu joto likaongezwa na taa zikarefushiwa saa. Popla zikaanza, vichipukizi vyake vilivyonata vikapasuka, chumba kizima kikanukia kama ubani. Lachi kimya. Siku tano, kimya. Siku kumi. Flavia aliacha kula mchana. Siku ya kumi na mbili Odilia aliona kitone cha kijani kwenye mche wa safu ya nyuma, kidogo kuliko punje ya ulezi, na wakakitazama wote wawili bila kupumua juu yake. Keshoye vilikuwa vinne. Wiki ilipokwisha ilikuwa miche sitini na miwili. Ikafika themanini na minane, ikagoma siku tatu nzima. Siku ya nne ilikuwa mia na mitatu, na Flavia akapiga kigelegele ambacho mlinzi wa lango alikisikia. Ilikomea mia moja na ishirini na saba. Ile hamsini na mitatu haikuamka tena. Profesa alipomwambia aing'oe, Flavia alikataa, akamwachia yeye.

Wiki ileile alivaa nguo zake za kanisani akaenda kituo cha polisi, Odilia pembeni kama mkalimani.

"Visa iliisha mwezi wa kumi," alisema ofisa. "Kwa nini hukuondoka?"

Odilia alikuwa ametayarisha uongo mzuri wa ugonjwa. Flavia akamgusa kiwiko. "Mwambie ukweli. Nimechoka kujificha."

Odilia akasimulia yote, mpaka gunia. Ofisa akaweka kalamu chini.

"Luoyesong?" akauliza. Kumbe alizaliwa kaskazini mashariki, na kwao milima imejaa ndugu wa miti hiyohiyo. Kwa Kichina, akasema, jina lenyewe ni msindano unaodondosha majani. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua! Alicheka mpaka mwenzake akachungulia kutoka chumba cha pili. Flavia alipotafsiriwa, akacheka naye, kile kicheko chake cha sokoni, na kwa dakika moja ofisi ile ikawa mahali pazuri.

Kisha ofisa akashika kalamu tena, akaandika kile sheria ilichosema. Siku za mahabusu, halafu ndege. Neno la mwisho Odilia hakulitafsiri. Flavia alimwangalia usoni akaelewa.

"Nisirudi?"

"Miaka mitano, mama." Odilia alikuwa analia waziwazi. "Ungeondoka Desemba ingekuwa rahisi. Ungerudi hata mwaka huu."

"Nikuache na maiti za miti niliyoing'oa mwenyewe? Ningelalaje?" Flavia alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili. "Nakupenda, mtoto wewe, na umenichosha. Sasa nenda. Leo ni siku ya maji."

Odilia hakwenda. Alikaa naye kwenye benchi, mkono ndani ya mkono, mpaka ofisi ilipofungwa na polisi wakaja kumchukua. Miti ilikosa maji siku hiyo, na haikudhurika.