Waridi la Kaburi la Baba

Mimi nina kichwa kigumu, nakubali. Jirani yangu hapa Iyunga aliniambia kabisa kwamba vile vidoa vya njano kwenye majani ya waridi langu, na ule uzi mwembamba kama wa buibui, ni utitiri. Nioshe majani kwa maji ya sabuni upande wa chini kila asubuhi, nivumilie wiki mbili. Wiki mbili! Na ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba ilikuwa imebaki siku kumi na moja.

Lile waridi halikuwa ua la kupamba kibaraza. Baba alilipanda mlangoni kwetu Ipogolo, Iringa, na mafundi waliokuja kuongeza chumba walilifukia kwa kifusi. Kilichobaki ni kitawi nilichokata wiki ya msiba nikakiotesha kwenye ndoo ya rangi. Mama alisema kitapandwa kaburini siku ya msalaba, na kila Jumapili alipiga simu kukiulizia kabla hajaniulizia mimi.

Sasa sisi tumekulia kwenye ng'ombe. Nikawaza, utitiri na kupe si ndugu? Nikanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikaikadiria kwa macho, nikalinyunyizia jua likiwa la utosi. Nilijisifu kweli. Siku ya tatu majani yote yalikuwa yamebabuka, na shina nilipolikwaruza kwa kucha lilikuwa kavu hadi ndani. Nililia, tena kwa kujichukia. Jirani alikuja, akaitazama ndoo, akarudi kwake. Afadhali angenitukana.

Jumapili mama alipiga. Nikamwambia linaendelea vizuri.

Kesho yake nikanunua lingine kwa wauza miche kando ya barabara, jekundu vilevile, urefu uleule, nikalihamishia kwenye ndoo na kulipakata kwenye basi hadi Iringa. Kaburini, mchungaji alipomaliza kuomba, mama alipiga magoti, akaliinamia ua moja lililokuwa limechanua, akalinusa, akalinusa tena. Ukoo mzima ulisimama ukitungoja.

"La baba yako lilikuwa linanukia," akaninong'oneza.

Mama akanishikisha jembe.

"Chimba, mwanangu. Watu wasijue."