Neno Nililolinyoosha

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifunga mlango wangu pale mtaani Tuwan, Kitale, nikiwa nimekasirika. Ndani ya mkoba nilikuwa na barua ya wakili wa shamba moja la maua upande wa Saboti, na sentensi moja katika barua hiyo ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu. Ilitoka kwenye taarifa ya shahidi wetu mkuu, Mama Nelima: "Tulikaa kando ya mto, tukapiga kura, tukakataa kurudi kwenye pampu."

Mimi ni katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi wa mashambani. Ni kazi ya kujitolea. Riziki yangu ni kuuza mitumba sokoni Kitale, siku ambazo chama kinaniacha nikauze. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamefukuzwa kwenye shamba hilo. Tangi la kuoshea pampu za dawa lilipasuka, nyapara akawaambia waende kuziosha mtoni, wakafanya hivyo asubuhi moja, na baada ya chakula cha mchana wakakataa. Sheria inamruhusu mfanyakazi kuacha kazi anapoona hatari na kumjulisha msimamizi wake. Lakini watu wakikaa chini wakapiga kura waache kazi bila kutoa notisi, huo ni mgomo haramu, na wakili alikuwa ameshikilia hapo hapo. Kesi ilikuwa isikizwe Alhamisi mbele ya ofisa wa kazi.

Wale kumi waliobaki Kitale walikuwa wameniapia kwamba hapakuwa na kura yoyote. Niliwaambia waache woga. Taarifa niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na Mama Nelima akaitia sahihi kabla hajarudi kwao. Kwa hiyo nilikuwa naenda kumtafuta yeye, na sitaficha nia yangu: nilikuwa naenda kumwomba aipunguze ile kweli kidogo. Nilimlaumu njia nzima. Kwa nini mtu mzima ataje kura mbele ya karatasi?

Saa mbili tulikuwa Kiminini. Jirani yangu mmoja hupeleka viazi Webuye na pikapu, akanipa nafasi mbele, gunia moja likiwa miguuni. Magoti yangu hayapendi tena kukaa yamekunjwa. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yamelala, na jirani aliongea juu ya bei ya mbolea hadi Kamukuywa. Nilimwitikia tu. Miaka kumi na tisa ya kubeba mambo ya watu imenifundisha kuitikia huku mawazo yako kwingine.

Webuye tulifika saa nne na kitu. Nilipanda kwa miguu hadi nyumbani kwa shemeji yake Mama Nelima, nikaambiwa hayupo. Kifua kilikuwa kimemsumbua, bintiye Nelima akamchukua akae naye Bungoma mjini. Shemeji alinipa chai na kiti cha kivulini. Marehemu mumewe alifanya kazi kiwanda cha karatasi, na kama wenyeji wengi wa pale, mazungumzo yake yote huanzia kwenye kiwanda na kurudi kiwandani. Alinionyesha upande ambao mumewe alikuwa akitokea jioni. Nilitaka kulala pale pale kwenye kiti.

Saa saba na nusu nilishuka Bungoma. Nilienda kwanza msikitini, nikanawa miguu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, nikaswali, nikakaa kwenye mkeka upande wa wanawake nikiegemea ukuta. Mama mmoja mwuza vitenge aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia nimechoka tu, akaniambia naonekana nimechoka tangu mwaka juzi. Ni yeye aliyenielekeza kwa Nelima, anayeshona nguo kwenye nyumba za kupanga upande wa chini wa mji.

Mama Nelima alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Amekonda, lakini sauti ni ile ile.

"Mulembe, Mama Salim. Kalibu. Umetoka huko kote juu yangu?"

Hapo ni lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Watu wa Bungoma wengi hubadilisha l na r. Kwao mlango ni mrango, gari ni gali, na sisi wa Kitale huwatania nao hututania. Mimi katika kuandika taarifa nimezoea kunyoosha. Mtu akisema "turirara", naandika "tulilala". Nilikuwa najisifu kwa hilo. Nilisema nawasaidia wasichekwe maofisini.

Baada ya chai nilitoa karatasi, nikamwambia bila kuzunguka kwamba neno lake limetuweka pabaya. Akaniambia nimsomee, maana macho yake hayaoni tena vitu vya karibu. Nilisoma hadi kwenye mstari mwekundu. Akaacha mboga.

"Kura? Kura ya nini?"

"Ile mliyopiga kando ya mto."

"Mama Salim, mimi nilisema tulikula. Ilikuwa saa saba. Watu si hukula saa saba?"

Nelima alicheka kule kwenye cherehani. Mimi sikucheka. Nilijaribu kukumbuka siku ile, wanawake kumi na mmoja kwenye chumba changu, na mimi nikikimbizana na giza na betri ya simu. Alisema "tukakula". Alilisema sawasawa, na mimi, kwa kujua watu wa Bungoma husema l mahali pa r, nikalisahihisha. Halafu nikaliongezea "tukapiga" ili likae vizuri. Niliona aibu.

"Ulitia sahihi bila kusomewa," nilimwambia, na hata sasa sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Nilikuamini."

Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Aliniambia niendelee kusoma. Nikasoma hadi mwisho, akangoja, kana kwamba kuna ukurasa mwingine. Kisha akauliza kaa wako wapi.

Nilijua anauliza nini. Siku ile alikuwa ameanza kunisimulia kwamba walipokaa kula githeri yao ya mahindi na maharagwe waliona kaa wa mtoni wametoka majini, wamepanda kwenye majani ya ukingo mchana kweupe, na mvua haikuwa imenyesha. Niliweka kalamu chini nikamwambia hayo tuyaache, ofisi haitaki hadithi. Nakumbuka nilimshika mkono kwa upole nilipomwambia.

"Sasa kama hakuna kaa," alisema, "sisi tulikataa kazi juu ya nini? Juu ya shibe?"

Karatasi yangu ilikuwa imeondoa sababu yao na kuweka mahali pake kosa ambalo hawakulitenda. Nilimwomba msamaha. Alisema tutaongea asubuhi, nile nilale, uso wangu unamtisha.

Jumatano asubuhi alinipeleka kwenye kijito kilicho chini ya nyumba zile. Alitembea polepole, akisimama kukohoa, nami nilifurahi kusimama. Aliinua jiwe moja, kaa mdogo wa rangi ya matope akajificha chini ya jingine. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, kule kwao mlimani. Kaa hukaa chini ya jiwe mchana. Ukimwona ametoka juani bila mvua, na wenzake pia, usichote, usinyweshe ng'ombe, tuma mtu ajue huko juu kumetokea nini. Wakati mwingine ilikuwa ni mtu ametwanga majani ya kuleweshea samaki. Huyo alikuwa na lawama ya nyumba nzima, kwa sababu kwao, mwenye kutia kitu mtoni alipaswa kwanza kuwapasha habari watu wa chini.

"Na huko Saboti, chini ya shamba kuna nani?" niliuliza, ingawa nilijua. Kuna kijiji, kuna shule, na watu huchota hapo.

"Sisi ndio tulitia," alisema. "Mikono ilikuwa ya kwetu. Nyapara hakushika pampu."

Nilikaa juu ya jiwe. Katika mikutano yote nilikuwa nimeongea juu ya ngozi zao na vifua vyao, na ni haki kuongea hivyo. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba kilichowasimamisha siku ile ni watu wa chini. Walitumana kijijini kuonya, wawili kati yao, kabla hata hawajamwambia nyapara. Hilo pia halikuwa kwenye karatasi yangu.

Nilitoa daftari niandike upya. Akanizuia.

"Hapana. Karatasi yako imeniuza mara moja. Nitakuja mwenyewe."

Nelima hakutaka. Alitaja kifua, vumbi la njiani, baridi ya Kitale. Mama yake alikuwa tayari anatafuta viatu. Saa nne tuliondoka. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda; kila kilima alikohoa, nami nilimshika mgongo nikiwaza kwamba nimemtoa kitandani kwa sababu ya herufi moja. Misikhu alishuka akanunua ndizi, akamenya ya kwangu, si ya kwake.

Saa tisa alasiri, Tuwan, wale kumi walikuwa wamejaa chumbani kwangu. Nilijua kwamba nikikaa kwanza sitasema, kwa hiyo nilisema nikiwa nimesimama. Niliwaambia kura niliiandika mimi, na kaa niliwafuta mimi. Rispa, ambaye ndiye mwenye maneno machache kati yao, ndiye aliyejibu.

"Tulikuambia hakukuwa na kura," alisema. "Ukatuita waoga."

Nilimwambia ni kweli. Akanisogezea kiti. Kisha akaomba taarifa zao pia zisomwe, zote kumi, na nilisoma. Katika saba kati ya hizo mtu alinisimamisha. Katika moja nilikuwa nimeandika "mtoto" mahali pa "mtaro".

Alhamisi, saa tatu, tulikuwa kwenye ofisi ya kazi. Niliomba kusema kwanza. Nilisema kosa ni langu, nikaeleza habari ya l na r, na ofisa, ambaye kwa lafudhi yake alikuwa wa huko huko Bungoma, aliinamisha uso akitafuta kalamu. Wakili aliniuliza kwa adabu kama katika miaka yangu yote nimefanya makosa mengine ya namna hiyo. Nilimjibu sijui, na kwamba jambo hilo litaninyima usingizi.

Kisha Mama Nelima akasema mwenyewe. Alianza na tangi, akaja kwenye pampu, githeri, kaa, wale wawili waliotumwa kijijini, na mwisho nyapara. Hakupamba kitu. Ofisa aliuliza kaa walikuwa wangapi na wapi hasa, na Rispa akajibu kabla hajamaliza kuuliza. Meneja wa shamba, aliyekuja pamoja na wakili, alimuuliza nyapara wake kama ni kweli aliwatuma mtoni. Nyapara akasema tangi lilikuwa limepasuka, angefanyaje. Wakili aliifunga faili yake.

Kufikia saa sita makubaliano yalikuwa yameandikwa: haukuwa mgomo, wote kumi na mmoja wanarudi kazini Jumatatu, hakuna pampu itakayooshwa mtoni, na maji yachukuliwe yapimwe huku watu wa kijijini wakijulishwa. Mama Nelima alikuwa ameshaniambia njiani kwamba yeye harudi. Kifua chake kimemalizana na maua. Hata hivyo alitaka jina lake liwe la kwanza kwenye orodha.

Miaka kumi na tisa nilidhani kazi yangu ni kuwapa watu maneno yanayopita mlangoni mwa ofisi. Nilinyoosha, nikapunguza, nikaacha nje yale ambayo mimi, mtu wa mjini, niliyaona ya kijijini, na nikayaita hayo msaada. Nilichoka kwa kuwabebea watu midomo yao, na hakuna aliyekuwa ameniomba.

Ofisa alimsogezea karatasi na kalamu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Mama Nelima hakuishika kalamu. Alininyooshea mkono bila kunitazama, akasema, "Lete miwani yako." Nikaivua nikampa. Akasoma kuanzia juu, kwa sauti ndogo, mstari kwa mstari, kidole kikifuata, na wakili, meneja, ofisa na mimi tukakaa tukimngoja.