Nilivyoionea Simu Wivu

Niliionea simu wivu. Cheka tu; hata jirani yangu muuza miraa, tuliyepanga naye ploti moja hapa mtaa wa Bulla Pesa, alicheka kabla yako. "Haki wewe mama," aliniambia, "unaichukia simu kama mke mwenza!" Nikamjibu kwamba mke mwenza angalau huosha vyombo.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne. Simu nilimnunulia mimi mwenyewe, ati ya masomo. Kabla ya hapo, kila alasiri tulikaa kwenye vigoda tukifukiza vibuyu vya maziwa ya ngamia ninayouza. Yeye anatia kaa la moto ndani, anafunika, anatikisa mpaka kibuyu kishike harufu ya moshi, huku akiniigizia walimu wake mmoja mmoja hadi mbavu ziniume. Kisha anakimbia mtaa wa Kiwanjani kupelekea wateja maziwa, anarudi moto haujazima. Simu ilipoingia nyumbani, akahamia kwenye godoro karibu na soketi, maana waya wa chaji ulikuwa mfupi, na likizo yote ikaishia hapo. Mgongo unauma, macho mekundu. Nikimtuma: "Dakika moja, mama." Hiyo dakika moja yake, wallahi, maziwa yanaganda!

Lakini si mgongo wake ulionichoma, niseme ukweli. Ni kicheko. Siku moja niko nje peke yangu na moshi wangu, nikamsikia anacheka kile kicheko chetu, kile cha walimu. Nikaingia mbio. Kwenye simu kulikuwa na mwanamke fulani, sijui wa wapi, anakanda unga wa chapati na kufanya vichekesho.

"Mama, huyu mama ni noma!" akasema, macho hayainui.

Huyu mama! Nilimtazama yule mwanamke na kucha zake za rangi, nikatamani kumvuta nje ya kioo nimtimue na unga wake.

Kesho yake, binti akiwa anaoga, niliichukua simu, nikaizima, nikaifunga kwa kitambaa cheusi na kuitumbukiza ndani ya kibuyu cha marehemu mama yangu. Kile hakitumiki tena. Kinaning'inia ukutani, mdomo mpana, ndani cheusi tii kwa masizi, kifuniko kimekaza. Binti nikamwambia nimeipeleka kwa fundi, kioo kina ufa.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kutoka sokoni nikamkuta nje, amekaa kwenye kigoda chake cha zamani, moto unawaka, vibuyu vimepangwa, jasho linamtoka.

"Kaa, mama. Leo ni zamu yangu."

Akaanza kumwigiza mwalimu wake wa hesabu anavyotafuta miwani aliyoivaa kichwani. Nilicheka hadi machozi. Moyoni nikamwambia yule mwanamke wa chapati: umeona? Ni wangu huyu.

"Na kuna kitu nimekufanyia," akasema. "Hata kile kibuyu cha marehemu nyanya nimekishusha. Kiko na kaa ndani sasa hivi. Nilijua utafurahi."

Kabla sijajibu, harufu ilinifikia: plastiki inayoungua. Yeye pia aliisikia. Akafungua kifuniko, akakipindua kibuyu. Kaa likaanguka, kitambaa kilichoungua, kisha simu, kioo chake kimejikunja na kuwa cheusi. Aliitazama. Halafu akanitazama mimi.

"Uliniambia iko kwa fundi."

Nikasema nimekosa. Nikasema nitamnunulia nyingine. Hata ukweli wenyewe niliusema, kwamba wivu ulinishika. Aliumwagia moto maji, akakirudisha kibuyu cha nyanya yake ukutani, akaingia ndani. Nilipochungulia, alikuwa amekaa palepale kwenye godoro, karibu na soketi, mikono mitupu, anatazama ukuta.

"Njoo basi tumalizie vibuyu," nikamwita.

"Dakika moja, mama," akasema, na safari hii hapakuwa na simu ya kuionea wivu.