Mshenga wa Kobe

Shangazi yangu analisha kobe katika bustani ya wanyama, na mtu asikudanganye kwamba ni kazi ya kulala. Kobe hana haraka, lakini ukimcheleweshea chakula atakukanyaga mguu, na haombi radhi. Shangazi naye ana hasira za karibu. Wamepatana.

Alikuja kuishi kwetu akiwa bado msichana, baada ya mumewe kumrudisha kwa kuwa hakuzaa. Hakuna daktari aliyeulizwa. Baba alipokea sanduku lake mlangoni, yakaisha. Mimi bado yananikera, maana bwana yule ameoa mara mbili tena na hadi leo hana hata mtoto wa kusingiziwa.

Kule bustanini Shangazi aliwapenda kobe wawili kupita kiasi: dume aliyeitwa Bwana Shamba, kwa kuwa hakuna jani alilolisaza, na jike aliyeitwa Bimkubwa. Kila mmoja aliletwa kutoka mahali pake. Mshenga alikuwa Shangazi mwenyewe: aliona magamba yanafanana, mabaka yale yale ya manjano, akawaweka ua mmoja. Bimkubwa alitaga kila msimu, Shangazi akayafukua mayai na kuyatia kwenye kisanduku cha joto. Yote yakawa viza.

Mwishowe meneja alichoka. Alisema jike ni tasa, apewe hoteli moja akapambe bustani yao. Shangazi alimjia juu, akauliza mbona hakuna anayemshuku Bwana Shamba. Meneja si mtu mbaya, ila ni mvivu wa kubishana. Alikubali kwanza wote wawili wapimwe damu.

Akaja dada mmoja wa maabara. Shangazi alimganda kama kupe, akitaka kujua tone la damu linajuaje ukoo. Dada alimweleza kwamba damu imebeba vinasaba, yaani maagizo ambayo mzazi humrithisha mwanawe, na kila yanaponakiliwa hutokea makosa madogo. Ukiyalinganisha makosa hayo, unajua nani ndugu wa nani na walitengana lini. Na gamba je? Kumbe ni mbavu na uti wa mgongo vilivyopanuka vikaungana, ndiyo maana kobe hawezi kulivua. Hata kasa wa baharini ni wa ukoo huo. Jioni Shangazi alijipapasa mbavu mezani, akatuuliza zetu zinangoja nini. Baba alisema zake zimeshapanuka vya kutosha.

Majibu yalipotoka, dada aliyaleta mwenyewe. Wale walikuwa aina mbili, zilizotengana mamilioni ya miaka kabla binadamu hajatokea. Magamba yalifanana kwa sababu mababu wa pande zote mbili waliishi kwenye nyasi kavu, ambamo mabaka ya manjano huficha vizuri. Bimkubwa hakuwa na kasoro. Bwana Shamba pia hakuwa nayo, ila walikuwa wameachana mno kiukoo hata wasiweze kupata mtoto.

"Kumbe aliyekosea ni mshenga," Shangazi alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake meneja alikuja na furaha. Katika bustani nyingine kulikuwa na dume mpweke wa aina ya Bimkubwa, na kobe wa aina hiyo wamebaki wachache mno. Jike angepelekwa huko. Shangazi alikuwa amepigania asiondoke, na sasa ushindi wake ndio uliokuwa unamwondoa. Siku zile hakuzungumza na mtu ila Bwana Shamba. Nilimhurumia sana.

Gari lilipofika alimwosha Bimkubwa gamba, akamlaza kwenye sanduku lenye nyasi. Meneja akamwambia dereva kwamba kobe huyu anarudishwa kwa wenzake. Shangazi akasimama mbele ya gari.

"Usiseme hivyo," alisema. "Kurudishwa mimi nakujua. Huyu harudishwi. Huyu anaolewa."

 Meneja akamgeukia dereva, akamwambia upya kwamba amebeba bibi harusi, kwa hiyo aendeshe taratibu.